Ukoo Uliozamishwa: Kutafuta Nasaba kwa Sensa na Makaburi Yaliyohamishwa Mashariki mwa Tennessee

Tarehe 4 Machi 1936 milango ya Bwawa la Norris, mashariki mwa jimbo la Tennessee nchini Marekani, ilifungwa, na maji ya mito ya Clinch na Powell yakaanza kupanda juu ya mashamba, barabara na misingi ya nyumba zilizokwisha kubomolewa. Kabla ya siku hiyo Mamlaka ya Bonde la Tennessee, ambayo watu wa huko huiita kwa herufi zake tatu tu, TVA, ilikuwa imenunua zaidi ya ekari 152,000, ikahamisha familia 2,841, na ikafukua makaburi 5,226 ili mabaki yazikwe upya mahali ambapo maji yasingefika. Kijiji cha Loyston, kilichopata jina lake kwa John Loy, mlowezi aliyejenga kiwanda cha kuyeyushia chuma mwanzoni mwa karne ya 19, kilizama chote, na sehemu pana ya ziwa iliyo juu yake huitwa hadi leo Bahari ya Loyston.

Wapo Waswahili wanaoishi Marekani waliooa au kuolewa katika koo za huko, na watoto wao, ambao kwa upande mmoja huhesabiwa babu hata wa saba kwa mdomo mtupu, kwa upande wa pili hawajui jina la mama wa nyanya yao. Mwongozo huu nimewaandikia hao kwanza, kisha kila msomaji anayependa kujua jinsi nasaba inavyotafutwa kwa maandishi pale masimulizi yalipokatika.

Jambo moja nataka lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa watafutaji wengi hulichukulia kinyume. Mtu akisikia kwamba makaburi ya ukoo wake yalihamishwa, huona amepoteza kitu. Kwa kazi hii ni kinyume chake: kaburi lililobaki mahali pake laweza kukaa kimya miaka mia mbili, bali kaburi lililohamishwa lilimlazimu mtumishi wa serikali amtafute ndugu wa marehemu, amwulize, "Huyu ni nani wako?", na aliandike jibu. Jibu hilo ndilo daraja kati ya sensa za karne ya 20 na zile za karne ya 19. Kwa hiyo njia nitakayoionyesha inaanzia karibu, inapita makaburini, halafu ndipo inarudi nyuma.

Hatua ya kwanza: wazee na Siku ya Kupamba

Usianze na mtandao. Anza na mzee wa ukoo aliye hai, na usimwulize tarehe, maana tarehe husahaulika na mzee huona haya kukosea. Muulize walikuwa wakienda kupamba makaburi ya nani. Katika milima ya Appalachia iko desturi ya zamani ya Siku ya Kupamba: kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Mei au Juni, jamaa hukutana makaburini, hufagia, huweka maua, husali na kula pamoja palepale. Mtu ambaye hakumbuki babu yake alifariki mwaka gani atakumbuka bila shida kwamba, alipokuwa mtoto, mama yake alimpa maua aweke kwenye jiwe la tatu kutoka kwenye uzio na kumwambia, "Hapa ni kwa shangazi wa baba yako." Andika hivyo hivyo alivyosema. Andika pia jina la makaburi hayo, na uulize kama ndipo yalipokuwa tangu zamani au yaliletwa kutoka bondeni.

Hatua ya pili: sensa za 1940 na 1930

Serikali ya Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na karatasi zenye majina hufungwa kwa miaka 72 kabla ya wananchi kuruhusiwa kuzisoma. Sensa ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na ya 1960 itafunguliwa 2032. Kwa ukoo wa bonde la Norris, hata hivyo, sensa iliyo na thamani kuliko zote ni ile ya 1940, kwa sababu ya safu moja: kila mtu aliulizwa alikuwa akiishi wapi tarehe 1 Aprili 1935, na wakati huo ndipo familia zilikuwa katikati ya kuhamishwa. Ukimkuta mkulima katika kaunti ya Knox mwaka 1940, na safu hiyo ikaonyesha kuwa miaka mitano nyuma alikuwa katika kaunti ya Union au Campbell, una sababu nzuri ya kushuku kwamba alitolewa bondeni. Sasa rudi kwenye sensa ya 1930 uone jirani zake walikuwa nani, ukisoma kaya 10 zilizotangulia na 10 zilizofuata, kwa kuwa karani alipita nyumba kwa nyumba na mashemeji waliishi jirani. Majina ya majirani hao utayakuta tena makaburini.

Sensa ya 1940 ina fadhila nyingine. Karani aliweka alama ya x ndani ya duara baada ya jina la mtu aliyempa habari. Katika sensa zilizotangulia huwezi kujua kama umri uliandikwa kwa maneno ya mke, ya mtoto wa miaka 12, au ya jirani aliyekisia. Ndiyo maana mtu mmoja huonekana ana miaka 34 katika sensa moja na miaka 41 katika inayofuata. Usikasirike na tofauti hizo wala usizirekebishe katika daftari lako. Nakili kilichoandikwa, na pembeni weka maoni yako.

Hatua ya tatu: karatasi ya kaburi

TVA, katika miradi yake yote, ilihamisha zaidi ya makaburi 20,000, na orodha yake ya makaburi inapatikana katika tovuti ya mamlaka hiyo. Humo utapata jina la marehemu, makaburi alikotolewa na makaburi alikopelekwa. Orodha hiyo ni mlango tu. Karatasi zenyewe zimo katika Nyaraka za Taifa, tawi la Atlanta, lililoko mji wa Morrow katika jimbo la Georgia, chini ya Kundi la Kumbukumbu namba 142. Waandikie ukitaja jina la bwawa, jina la makaburi ya zamani na jina la marehemu. Ukitaja jina la ukoo peke yake utamchosha mtunza nyaraka na wewe hutapata kitu.

Karatasi ikifika, isome taratibu. Macho hukimbilia jina la marehemu na tarehe, lakini utajiri uko kwenye mahali palipoandikwa ndugu wa karibu: jina lake, uhusiano wake na marehemu, na anwani yake wakati huo. Ndugu huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua kama mabaki yahamishwe au yaachwe. Wapo waliokataa kuwasumbua wafu wao, na makaburi yao yakaachwa yafunikwe na maji. Kwa hiyo kutomwona mtu katika makaburi mapya si ushahidi kwamba hakuzikwa bondeni.

Chukua mfano huu, ambao nimeubuni ili tuone kazi inavyokwenda. Karatasi yasema marehemu ni mwanamke, jiwe lake ni la shambani lisilo na maandishi, na ndugu wa karibu aliyeweka sahihi ni mwanamume anayeitwa mjukuu, anwani yake Knoxville, jina lake la ukoo tofauti kabisa na la marehemu. Katika mstari huo mmoja umepata vizazi vitatu: bibi, binti yake aliyeolewa na kubadili jina, na mjukuu aliyehamia mjini. Sasa unajua binti wa nyumba ile aliolewa katika ukoo upi, jambo ambalo sensa haikuambii, kwa sababu sensa humwacha binti akiwa na miaka 17 kwa baba yake na kumkuta tena akiwa na miaka 27 kwa mumewe, kwa jina jingine, kana kwamba ni mtu mwingine.

Katika kundi hilohilo la kumbukumbu zimo pia karatasi za mahojiano ambayo TVA ilifanya na familia zilizohamishwa. Omba nazo.

Hatua ya nne: kurudi nyuma kutoka 1920 hadi 1850

Ukiwa na jina la bibi huyo, rudi sensa baada ya sensa bila kuruka hata moja. Kila sensa iliuliza mambo yake. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya. Kabla ya hapo aliandikwa mkuu wa kaya peke yake. Ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na kutaja walikozaliwa baba na mama yake. Katika zile za 1850, 1860 na 1870, usidhani kila mtoto aliye katika kaya ni mtoto wa wenye nyumba, maana yatima na watoto wa ndugu waliandikwa katika safu hiyohiyo bila maelezo.

Sensa ya 1900 nataka tukae nayo. Iliandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, miaka ya ndoa, na kila mama aliulizwa maswali mawili mazito: amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Tuseme mama wa mfano wetu ameandikiwa 9 na 6. Watoto watatu wamekufa. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto uliotokea Washington mwezi Januari 1921, na jimbo la Tennessee halikuanza kusajili vifo kwa jimbo zima hadi 1908. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya Juni 1880 na kufa kabla ya Juni 1900 hayumo katika sensa yoyote unayoweza kuisoma, wala hana cheti cha kifo. Huenda aliishi miaka 18, akalima, akaimba kanisani, na hakuna karatasi ya serikali ya zama zake inayomtaja. Hapo rudi kwenye karatasi za makaburi, uangalie waliozikwa kando ya wazazi. Ukikuta makaburi matatu madogo, mawili yameandikwa "mtoto mchanga" na la tatu lina jina alilolikumbuka ndugu mwaka 1934, hesabu ya mama imetimia. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kazi inayolipa jasho lote.

Pengo la 1890 linazibika kwa kiasi fulani. Orodha maalumu ya mwaka huo ya askari wa upande wa Muungano, yaani wa serikali kuu, na wajane wao ilinusurika kwa Tennessee, na wakulima wengi wa mashariki ya jimbo hilo waliunga mkono Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Vilevile jimbo lilifanya orodha yake ya wanaume wa miaka 21 na zaidi mwaka 1891. Ukimpata babu katika orodha ya askari, tafuta jalada la pensheni ya mjane wake katika Nyaraka za Taifa, Washington, kwa kuwa mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa yake na mara nyingine tarehe za kuzaliwa za watoto.

Kuhusu majina: karani aliandika alivyosikia. Loy laweza kuandikwa Loye au hata Lloyd. Faharasa ya Soundex, inayopanga majina kwa sauti badala ya herufi, husaidia sana, lakini haitakuokoa kila mara, maana Loy hupewa alama L000 na Lloyd hupewa L300, na wewe ukitafuta moja hutaletewa jingine. Dawa yake ni kuacha jina la ukoo kabisa na kutafuta kwa jina la mtoto lisilo la kawaida pamoja na umri na kaunti.

Kuhusu mipaka: kaunti ya Union iliundwa kwa sheria ya 1850 kwa kumegwa kutoka Grainger, Claiborne, Campbell, Anderson na Knox, na kesi za mahakamani zikachelewesha kuanza kwake kwa miaka kadhaa. Familia inayoonekana Claiborne mwaka 1850 na Union mwaka 1860 huenda haikuhama hata hatua moja. Kabla ya kuandika kwamba walihama, tazama ramani ya mipaka ya mwaka husika.

Hatua ya tano: kabla ya 1850

Hapa mwendo unakuwa mgumu. Sensa ya Tennessee ya 1800 ilipotea, ya 1810 ilipotea karibu yote, na ya 1820 haikubaki kwa kaunti za mashariki, hivyo kwa bonde hili sensa ya kwanza unayoweza kuitegemea ni ya 1830. Humo, na katika ya 1840, utaona jina la mkuu wa kaya likifuatwa na tarakimu tu: wanaume wangapi chini ya miaka 5, wangapi kati ya 5 na 10, na kuendelea. Chora jedwali. Weka watoto unaowajua kutoka sensa ya 1850, wapunguzie miaka 10 ya umri, uone kama wanaingia katika visanduku vya 1840. Aliyemo katika visanduku vya 1840 bila kuonekana 1850 ama alikufa, ama aliolewa, ama hakuwa mtoto wa nyumba hiyo.

Kwa miaka ya nyuma zaidi tumia orodha za kodi, hati za ardhi zilizotolewa na North Carolina, ambayo Tennessee ilikuwa sehemu yake hadi 1790, pamoja na wosia na kumbukumbu za mahakama za kaunti. Maktaba na Nyaraka za Jimbo mjini Nashville zina mikrofilamu nyingi za kaunti, na mjini Knoxville mkusanyo wa McClung wa maktaba ya umma ni hazina ya nasaba za mashariki. Usiache maombi ya pensheni ya askari wa Vita vya Mapinduzi, vile vya kudai uhuru wa Marekani, yaliyotolewa chini ya sheria ya 1832, ambamo wazee walisimulia mbele ya hakimu walikozaliwa, walikopigana na walikoishi baadaye. Sensa ya 1840 huwataja wapokea pensheni hao kwa jina na umri, hata kama mzee alikuwa akiishi kwa mkwewe.

Na tusisahau kwamba nchi ambayo walowezi waliiita mpya ilikuwa na wenyewe. Walowezi waliingia katika ardhi ya Wacherokee, ambayo nyingi ilichukuliwa kwa mikataba kama ule wa Holston wa 1791, na makaburi ya Wacherokee nayo hayakusalimika na mabwawa: Bwawa la Tellico lilipofungwa mwaka 1979 maji yalifika Chota na Tanasi, miji yao ya zamani, na mabaki ya kiongozi wao Oconostota, yaliyofukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1969, yalizikwa upya Chota mwaka 1987.

Hatua ya sita: ukoo uliotoka utumwani

Ikiwa ukoo unaoutafuta ni wa Wamarekani Weusi, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Katika 1850 na 1860 waliandikwa kwenye orodha tofauti, kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la aliyewamiliki, majina yao hayakuandikwa. Maumivu ya kusoma karatasi hizo hayapungui kwa mazoea. Kazi ni kumtafuta mmiliki kwanza, kwa kuangalia watu weupe wenye mali walioishi jirani na familia hiyo mwaka 1870, kisha wosia na mirathi yao, ambamo watumwa mara nyingi hutajwa kwa majina kwa kuwa waligawanywa kama mali. Kumbukumbu za ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru, na za benki yao iliyodumu kutoka 1865 hadi 1874, zina majina ya wazazi na ndugu. Katika karatasi za makaburi yaliyohamishwa, chunguza kwa makini yale yaliyoandikwa "hajulikani" pembezoni mwa makaburi ya ukoo wa mwenye shamba.

Hatua ya saba: kwenda mwenyewe

Ukiwa na karatasi mkononi, nenda makaburi mapya. Linganisha kila jiwe na maelezo yake, maana jiwe laweza kuwa la zamani, lililoletwa kutoka bondeni, au jipya lililowekwa na wajukuu miaka mingi baadaye kwa tarehe za kukisia. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa pembeni, ili herufi zilizolika zitoe kivuli. Usisugue jiwe kwa chokaa, sabuni wala brashi ya waya. Maji safi na brashi laini vinatosha, na jiwe linalobanduka usiliguse kabisa. Ukifika nyumbani tazama tovuti ya Find a Grave, kwa sababu mtu mmoja aliyehamishwa huwekewa kumbukumbu mbili, moja makaburi ya zamani na nyingine mapya, na wanaonakili bila kusoma hugeuza marehemu mmoja kuwa wawili. Waandikie walioziweka, uwaonyeshe karatasi.

Majira ya baridi TVA hupunguza maji ya ziwa la Norris ili kuacha nafasi ya mafuriko, na kingo zake hujitokeza, mara nyingine na vipande vya barabara za zamani. Huo ndio wakati wa kwenda kusimama karibu na mahali pa shamba la ukoo, ukiwa na ramani. Ukiona jiwe lenye herufi, lipige picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, andika mahali ulipolikuta, liache palepale kama sheria inavyotaka, na uwaarifu TVA siku hiyohiyo.